Barua Aliyoinywa Binamu Yangu

Sifa zote njema ni zake Mola, aliyenifundisha herufi za kitabu kabla hajanionyesha yaliyomo moyoni mwangu, na akaniacha hai mpaka nikayasoma yote mawili. Namshukuru kwa macho haya yaliyobaki, kwa mkono ambao bado unashika kalamu, na kwa subira, ambayo sikuzaliwa nayo. Rehema na amani zimshukie Mtume wake na jamaa zake wote. Ama baada ya hayo, nataka kueleza jambo moja la ujana wangu, wakati Mdachi, yaani Mjerumani, alipotawala Morogoro, kwa kuwa walioliona wamekwenda mbele ya haki na mimi ndiye niliyebaki.

Siku zile mtoto wa milimani hakuwa na njia nyingi za kusoma. Wamisheni walikuwa na skuli zao huko juu. Serikali ilikuwa na skuli yake ya kutoa makarani. Sisi Waislamu tulikuwa na vyuo vya walimu wetu, na mimi nilisoma katika chuo kimoja mjini, nyuma ya maduka ya Wahindi, mahali ambapo filimbi ya gari moshi ilisikika wazi kila ilipoingia stesheni. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, wa sauti ndogo. Hakupiga mtoto. Alimtazama tu, nasi tukatamani afadhali angepiga.

Nilishuka kwenda huko pamoja na binamu yangu. Mama yangu na baba yake ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo baba yake ndiye mjomba wangu, na bibi yetu ni mmoja. Asiyejua mila ya Waluguru aelewe hili: kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mrithi wa mjomba ni mpwa wake, si mwanawe. Shamba la mjomba na jina lake vilinisubiri mimi. Binamu yangu alikuwa wa ukoo wa mama yake, akipendwa pale nyumbani kama mgeni anavyopendwa. Tangu utoto nilizoea kwamba kikigawanywa kitu, fungu langu hutangulia. Nalisema hili mapema ili ijulikane wivu wangu ulitoka wapi. Wako wanaoona wivu kwa njaa. Mimi niliuona kwa shibe.

Huko Unguja palikuwa na sheikh mmoja ambaye mwalimu wetu alisoma kwake. Unguja ilikuwa nchi nyingine, ya Sultani na Mwingereza, na sisi tulikuwa watu wa Mdachi, hivyo kuhamia darsa yake hakukuwa jambo la kufunga nguo na kuondoka. Zilitakiwa karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti cha boma chenye muhuri wa tai, kuonyesha kwamba umeruhusiwa kutoka. Ya pili, nayo ndiyo nzito, ni barua ya radhi ya mwalimu wako. Barua hiyo ilitaja vitabu ulivyosoma, na katika kila kitabu ukurasa uliofikia, na mwisho ikasema kwamba mwalimu wako yuko radhi uende kwa mwingine. Mwenye barua alianza pale alipoachia. Asiye nayo, hata awe na ndevu, aliketi na watoto wa alifu mpaka wenyeji waamini kwamba anajua kitu, nao hawakuwa wepesi wa kuamini watu wa bara.

Mwaka ule habari ikaja kwamba sheikh atampokea mwanafunzi mmoja kutoka kwa mwalimu wetu. Mmoja tu, na awe amefika kabla ya Ramadhani.

Sikuwa na shaka ni nani. Nilikuwa nimehifadhi zaidi ya wote. Mwalimu akatuita mimi na binamu yangu, akafungua kitabu cha mirathi, akanipa ukurasa nisome. Nikasoma bila kujikwaa, nikaeleza fungu la mke, la mama, la binti, mpaka mwisho. Binamu yangu akapewa ukurasa unaofuata. Akajikwaa mara mbili. Kisha akaacha kusoma kabisa, akainua uso.

"Mwalimu, humu mpwa hana fungu," akasema. "Na kwetu mpwa ndiye anayechukua vyote. Nikirudi nyumbani na kitabu hiki, nitawaambia nini watu?"

Wanafunzi wote wakageuka kunitazama. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa kanzu sokoni. Mwalimu alitabasamu kidogo, akafunga kitabu.

"Wewe ndiye utakayekwenda," akamwambia. "Ukalitafute jibu."

Alasiri ile tulikwenda mtoni kuosha mbao zetu, kama ilivyokuwa kawaida. Wino wa chuo chetu ulikuwa wa masizi ya chungu na utomvu wa mgunga; ukiutia maji hutoka wote, ubao ukawa mweupe kwa somo la kesho. Binamu yangu alikuwa akiosha huku anaimba.

"Usininunie, binamu," akaniambia. "Nitakuletea kofia ya Unguja."

"Uniletee na kichwa cha kuivalia," nikamjibu.

"Kichwa unacho. Tatizo lako kimejaa, kofia haitaingia."

Kwetu mtu na mtoto wa mjomba wake ni watani, na mtani hakasirikii neno. Nikacheka kama ilivyonipasa. Lakini usiku na mchana uliofuata sikuwa na kingine nilichokitafuna ila jambo hilo. Nilimwona akila, nikaona wivu kwa jinsi anavyokula bila wasiwasi. Nikamsikia akisahihishwa matamshi, nikafurahi, kisha nikakumbuka kwamba huyo anayekosea ndiye anayekwenda. Hata katika sala nilijikuta nimesimama nyuma yake nikikagua visigino vyake kama vimepata maji. Mungu anisamehe, nilikuwa natafuta kosa katika udhu wa mwenzangu na huku sala yangu mwenyewe haina roho.

Mwalimu akaandika barua. Binamu yangu akapata na cheti chake cha boma. Zikiwa zimebaki siku chache aondoke, akapanda kwenda kuwaaga watu wetu. Nyumba ya bibi ilikuwa mlimani juu ya Mkuyuni, mwendo wa siku nzima kutoka mjini. Akachukua karatasi zote mbili ili bibi azione kwa macho yake. Siku aliyoahidi kurudi ikapita. Ikapita na ya pili yake. Mwalimu akanituma nikamlete.

Nilipanda asubuhi. Njiani nilipishana na wapagazi wakishuka na mizigo ya ulanga, yale madini ya kung'aa, kutoka kwenye machimbo ya Wazungu. Mimi nilikuwa natembea mikono mitupu, na bado nadhani mzigo wangu ulizidi wa kwao. Nilikuwa naomba, bila kutamka, kwamba nimkute ameghairi.

Nikapiga hodi.

"Karibu, mume wangu," bibi akaitika. Ndivyo alivyotuita wajukuu wake wa kiume. "Njoo umwone mume mwenzako. Siku ya tatu leo analala tu, hata uji wangu haoni kama ni uji."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pita ndani."

Binamu yangu alikuwa juu ya kitanda cha kamba, anatetemeka kwa homa, anasema maneno yasiyo na mwanzo. Hakunitambua. Karibu na kitanda, juu ya kigoda, palikuwa na sahani nyeupe ya kauri, ile ambayo bibi aliitunza kwa wageni, na kata ya maji. Mkononi mwa bibi palikuwa na karatasi.

"Hii nimeikuta mkobani mwake," akasema. "Ni ya mwalimu wenu, au siyo?"

Niliitambua kabla sijafika karibu.

"Ni ya mwalimu, bibi."

"Kaiandika kwa mkono wake mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

"Na jina la Mungu limo?"

"Limo. Liko juu kabisa."

"Tazama ujinga wa mtoto huyu!" bibi akapiga makofi. "Mwalimu wake kampa kombe, yeye kalifunga mkobani, analala na homa yake. Ninyi wasomi mtakufa kwa kiu na mtungi uko begani."

Bibi alisilimu akiwa mtu mzima. Hakujua kusoma. Alijua jambo moja kuhusu maandishi ya mwalimu: huandikwa jina la Mungu, huoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe, na kila mama wa milimani alilijua. Kwamba mwalimu anaweza kukaa chini akaandika kitu kisichokuwa dawa, hilo hakuna aliyepata kumwambia.

Akailaza karatasi katika sahani, akamimina maji.

Wino haukuondoka mara moja. Kwanza maji yalikuwa safi na maandishi yalisomeka vizuri chini yake, jina la sheikh, kitabu cha fikihi, kitabu cha sarufi, mirathi na ukurasa wake. Kisha bibi akaanza kusugua taratibu kwa kidole, na mistari ikalegea, ikawa moshi. Kulikuwa na muda wa kusema. Mtu angeweza kusoma Fatiha mara mbili bila haraka. Nasema hivyo kwa sababu nimeupima muda ule mara nyingi maishani. Neno lililotakiwa lilikuwa moja: bibi, acha. Nikanyamaza. Moyoni nilikuwa nikijiambia kwamba sikusema uongo hata kidogo, kwani kila alichouliza nimemjibu kweli.

"Mshike kichwa," bibi akasema.

Nikamshika. Nikamwinua, kisogo chake kinaunguza kiganja changu, na yeye akanywa mpaka mwisho.

Alfajiri jasho lilimtoka, homa ikashuka. Akaomba uji. Baada ya uji akaomba mkoba wake, akaanza kupekua. Bibi alikuwa mlangoni akifunga kuni.

"Bibi, karatasi yangu iko wapi?"

"Ipi? Ya mwalimu? Umeinywa."

"Nimeinywa?"

"Yote. Hata mashapo hukubakisha. Na si umepona?"

Binamu yangu akauweka mkoba chini. "Na ile nyingine?"

"Ile yenye kuku?"

"Tai, bibi. Ni tai."

"Tai, kuku, mimi sijui. Ile sikuigusa, imo humo humo. Ya Wadachi haimponyi mtu." Akajitwisha kuni, akaenda jikoni kwake.

Binamu yangu akanigeukia. "Wewe ulifika saa ngapi?"

"Jana jioni," nikasema. "Nilikuta maji yamekwisha kuwa meusi."

Huo sasa ulikuwa uongo wa wazi, na ulitoka bila kukwama. Aliuamini. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Basi vitabu vyote viko tumboni," akasema. "Sheikh akitaka kunipima, anipasue." Kisha akajifunika shuka uso mzima. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hakuwa anacheka tena.

Alipopata nguvu tukashuka pamoja. Mwalimu alisikiliza habari yote, vidole vyake kwenye tasbihi havikusogea.

"Barua ya radhi haiandikwi mara mbili," akasema hatimaye. "Walimu wangu hawakuandika mara mbili, nami sitaanza. Bibi yenu hakujua, hana lawama. Jambo likizuiliwa bila mkono wa mtu, aliyelizuia anajulikana, na mimi sishindani naye. Umeridhika?"

"Nimeridhika, mwalimu," binamu yangu akajibu. Akaondoka kwenda kuwaandikia watoto wadogo mbao zao.

Siku ya tatu yake mwalimu akaniita, akasema, "Jitayarishe. Utakwenda wewe."

Nilifurahi. Sitaficha. Nilikwenda bomani kuomba cheti na nikasimama juani nusu siku bila kuliona jua. Askari wa mlangoni aliniuliza, "Unguja unakwenda kufanya nini?" Nikamwambia kusoma. "Morogoro hakuna kusoma?" akauliza, na wenzake wakacheka, nami nikacheka nao kwa furaha tupu. Niliporudi chuoni nilimkuta binamu yangu ananishonea mfuko wa vitabu. Alikuwa ameuanza kwa ajili yake mwenyewe. Sasa alikuwa anaumalizia kwa ajili yangu. Hapo furaha ikaingia mchanga.

Ilikuwa desturi ya chuo kwamba mwanafunzi anayehama, kabla barua yake haijaandikwa, huketi mkekani mbele ya mwalimu na kuwapitia wenzake mmoja mmoja. Humpa kila mtu mkono na kumwomba radhi kwa alilomkosea kwa kujua na kwa kutojua. Mpaka wote wawe radhi, mwalimu hashiki kalamu. Nikaanza na wadogo.

"Ulinifinya sikio kwa kosa la huyu," mmoja akasema.

"Ulistahili kwa makosa mengine," nikamwambia, na watu wakacheka.

"Ulikula muhogo wangu Ijumaa," mwingine akasema. "Nimekusamehe, lakini ulikuwa mkubwa."

Nikafika kwa binamu yangu. Akanipa mkono wake kabla sijamwomba.

"Mimi nimemsamehe la kujua na la kutojua," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Nimemsamehe na ule mtungi wa bibi aliouvunja nikapigwa mimi. Mwalimu, andika."

Wakacheka tena. Ilikuwa imekwisha. Nilichotakiwa kufanya ni kuinuka tu. Mwalimu alikuwa amekwisha kuchovya kalamu. Lakini mkono wa binamu yangu ulikuwa mkononi mwangu, mkavu na wa kawaida, na mimi nilikumbuka jinsi kisogo chake kilivyoniunguza siku ile. Nikajua kwamba nikiinuka sasa, kila ukurasa nitakaofungua Unguja utakuwa chini ya maji.

"La kujua lipo," nikasema.

Nikaeleza yote. Kwamba nilifika karatasi ikiwa kavu. Kwamba bibi aliniuliza mara tatu. Hakuna aliyecheka. Binamu yangu aliutoa mkono wake polepole.

"Wewe ndiye uliyenishika kichwa?" akauliza.

"Ni mimi."

"Niliuhisi mkono. Nikajiambia, afadhali, binamu amekuja."

Mwalimu alinitazama kwa yale macho yake. Kisha akasema, "Kumbe mkono wa mtu ulikuwapo. Basi barua ya kwanza haijazuiliwa na Mungu." Akanisukumia kalamu na wino. "Macho yangu yamechoka leo. Andika wewe, mimi nitasema."

Nikaandika. Jina la Mungu juu kabisa, kisha jina la binamu yangu, kisha vitabu vyote, ambavyo vilikuwa vitabu vyangu pia, na kurasa zile zile. Mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko wote chuoni. Sikuharibu hata herufi moja, na kila herufi iliniuma.

Stesheni nilimbebea mzigo. "Bado sijakusamehe," akaniambia kabla ya kupanda gari moshi. "Nilisema mbele ya watu, lakini nilisamehe mtungi. Hili lingine nitakuletea habari."

Barua yake ilifika baada ya Idi. Ilikuwa ya bibi, na msomaji wa bibi ni nani kama si mimi? Nikapanda nayo Mkuyuni. Nikamsomea kwamba amepokewa, kwamba ameanzia ukurasa wake na hakuketi na watoto wa alifu hata siku moja, kwamba sheikh amempenda. Nilisoma kwa sauti nzima sifa za mtu niliyemwonea wivu, na bibi alikuwa ananirudisha nyuma: "Hapo pa sheikh kumpenda, soma tena." Nikasoma tena. Mwisho palikuwa na maneno haya: mwambie binamu yangu nimemsamehe lile, na mwambie wino wa mwalimu ni mchungu.

"Lipi alilokusamehe?" bibi akauliza.

Nikamweleza. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Alitazama mikono yake iliyoosha ile karatasi.

"Hii nayo ina jina la Mungu?" akauliza.

"Limo, bibi."

"Liko juu?"

"Juu kabisa."

Akainuka, akaleta ile sahani ya kauri na kata ya maji. Akanyoosha mkono nimpe barua.

"Bibi, ni barua tu hii."

"Najua sasa ni barua. Lete. Mgonjwa leo ni wewe."

Wino wa Unguja ulikuwa wa dukani, haukutoka vizuri. Maji yakawa na rangi ya anga la mawingu. Nikayanywa yote huku amesimama juu yangu.

Sitasema kwamba nilipona siku ile. Kila barua iliyofuata ilinichoma kwanza, kisha ndipo nikaifurahia. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokuja, barua zikakatika, na ndipo nilipojikuta naomba Mungu iletwe hata moja, hata yenye sifa tupu kurasa kumi. Hapo nilijua kwamba dawa imefanya kazi, polepole, kama dawa za bibi zote. Nilibaki Morogoro, nikafundisha watoto alifu, nikawaandikia barua za radhi wengi waliokwenda mbele kuliko nilivyokwenda mimi, na namshukuru Mungu kwa kila mmoja wao.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mola akupe elimu inayokaa, na ndugu wa kukushika kichwa ukiwa mgonjwa. Akuepushe na ulimi unaosema kweli kwa nia mbaya. Na kila mlango unaouomba, akufungulie ule wenye kheri yako, na akupe moyo wa kumbebea mzigo mwenzako aliyefunguliwa kabla yako. Amina.